Intaneti ikikatika, mechi isikatike: kutafuta chanzo cha matatizo ya mtandao kwenye mashindano ya gemu

Mechi ikikwama jukwaani, kauli ya kwanza kusikika ni ileile kila mara: intaneti mbovu. Mratibu anampigia mtoa huduma, mtoa huduma anajibu kwamba laini iko sawa, na huku wachezaji kumi wamevua vipokea sauti wakisubiri. Ukichunguza, mara nyingi utakuta laini kweli haikuwa na hitilafu kubwa. Tatizo ni kwamba mechi ilitegemea vitu vilivyo mbali na ukumbi: seva (kompyuta inayoendesha mechi) iliyo nchi nyingine, ukaguzi wa akaunti, sasisho lililoshuka bila kuombwa. Kimoja kikiyumba kwa sekunde chache, mechi imeharibika.

Msimamo wangu ni mmoja, na maelekezo yote hapa chini yanatokana nao. Watu waliosafiri ili wakae chumba kimoja wacheze kupitia swichi (kifaa kinachounganisha kompyuta kwa nyaya) iliyo ndani ya chumba hicho. Intaneti ibaki kwa ajili ya matangazo na mashabiki walio nyumbani.

Wala hili si janga la waandaaji wadogo peke yao. Oktoba 2012, kwenye ubingwa wa dunia wa League of Legends mjini Los Angeles, robo fainali ya CLG Europe na Team WE ilikatika mara kadhaa kwa sababu ya mtandao mpaka ikaahirishwa. Agosti 2015, The International ya Dota 2 katika ukumbi wa KeyArena, Seattle, ilisimama kwa sababu ya shambulio la DDoS, yaani kuijaza laini kwa data nyingi kutoka kompyuta nyingi. StarCraft ya 1998 ilichezeka kwenye mtandao wa ndani (LAN, yaani kompyuta zilizounganishwa zenyewe ukumbini bila intaneti) bila shida. StarCraft II ya 2010 ikatoka bila uwezo huo, na waandaaji wakabaki kuomba laini ya ukumbi isitetereke hadi mechi iishe. Waandaaji wa mashindano hayo makubwa ni watu wenye fedha na wahandisi. Mwandaaji aliyekodi ukumbi wenye laini moja hana sababu ya kuamini kwamba ya kwake itakuwa imara zaidi.

Anza hapa: chomoa waya wa nje

Siku moja au mbili kabla ya mashindano, seva, swichi na angalau kompyuta mbili zikiwa zimeshafungwa, anzisha mechi ya majaribio. Ikishakolea, chomoa waya unaotoka kwenye ruta kwenda kwa mtoa huduma. Usizime ruta yenyewe, kwa sababu huenda ndiyo inayogawa anwani za IP (namba zinazotambulisha kila kompyuta kwenye mtandao).

Mechi ikiendelea kama kawaida, vizuri, lakini usiishie hapo. Imalize, rudi kwenye menyu, fungua mechi mpya. Kisha zima kompyuta moja, iwashe upya, uone kama mchezaji anaweza kuingia tena waya ukiwa bado nje. Gemu nyingi huvumilia kukatiwa intaneti katikati ya mechi lakini hukataa kuanza bila intaneti, na kompyuta inayojizima siku ya fainali ndiyo itakayokufundisha tofauti hiyo mbele ya umati.

Mechi ikikatika papo hapo, seva yako haiko ukumbini hata kama uliamini iko. Ikikatika baada ya dakika kadhaa, kuna programu inayopiga hodi nje kila baada ya muda fulani: leseni, ukaguzi wa akaunti, au kinga dhidi ya udanganyifu. Andika ni dakika ngapi zilipita. Muda huo ukijirudia kila ukijaribu, umeshapata pa kuanzia.

Dalili: wachezaji wote wanatolewa kwa wakati mmoja

Wakitolewa wote kwa mpigo, usipoteze muda kwenye kompyuta mojamoja. Chanzo ni kitu wanachokitumia kwa pamoja: seva, swichi, ruta au laini. Fungua dirisha la amri kwenye kompyuta yoyote ya mchezaji na upime kwa mpangilio huu. Ping anwani ya ruta, yaani andika amri ping na anwani hiyo uone kama inajibu na kwa muda gani. Ping anwani ya seva. Mwisho ping anwani yoyote ya nje.

Ruta na seva zikijibu kwa chini ya milisekunde moja na ya nje ikikaa kimya, laini imekatika, na ikiwa wachezaji wametoka, basi mechi ilikuwa inapita nje. Ruta ikijibu na seva isijibu, nenda kwenye kompyuta ya seva: imelala kwa sababu ya mpangilio wa kuokoa umeme, imejiwasha upya baada ya sasisho, au waya wake umeguswa. Zote tatu hutokea sana, na ya kwanza ndiyo inayosahaulika zaidi. Hakuna kinachojibu? Angalia swichi. Swichi ya wachezaji na kompyuta ya seva zikae kwenye umeme wenye betri ya akiba, na ziwe mbali na soketi ambayo mtu wa taa au wa spika anaweza kuichomoa.

Tofauti kabisa ni pale wachezaji wanapotoka wote huku intaneti ikionekana nzima lakini imejaa. Hapo fikiria DDoS. Mshambuliaji anachohitaji ni anwani ya nje ya ukumbi, na anwani hiyo huvuja kirahisi kupitia programu zinazounganisha watu moja kwa moja. Huwezi kuizuia kwa ruta ya ukumbini, kwa sababu laini inajaa kabla data haijakufikia. Seva ikiwa na anwani ya ndani kama 192.168.10.5 na isifunguliwe kwa nje, mshambuliaji anaweza kuua matangazo, lakini hawezi kuigusa mechi. Kwangu hiyo ndiyo hoja nzito kuliko zote za kuchezea ndani.

Dalili: lagi (mchezo kuchelewa kuitikia) inayokuja na kuondoka, hasa matangazo yakianza

Gemu yenyewe haili data nyingi. Mchezaji mmoja wa Counter-Strike au Dota 2 hapakii hata megabiti moja kwa sekunde. Matangazo ya picha ya 1080p kwa fremu 60, kwa upande mwingine, yanahitaji takribani megabiti 6 kwa sekunde za kupakia, bila kupumzika. Ukumbi ukiwa na laini ya kushusha megabiti 50 na kupakia 5, paketi (vipande vya data) za wachezaji zitapanga foleni nyuma ya picha, na pingi, yaani muda wa kwenda na kurudi, itapanda kutoka milisekunde 40 hadi mia kadhaa kila picha ikiwa na mwendo mwingi.

Kuthibitisha ni rahisi. Acha ping ya nje ikiendelea, mwambie mtu wa matangazo asimamishe upakiaji kwa nusu dakika, angalia namba zinavyoshuka. Zikishuka, dawa ya haraka ni kupunguza kiwango cha upakiaji au kuweka kikomo kwenye ruta. Dawa ya kweli ni kuiondoa mechi kwenye laini hiyo.

Namba zisiposhuka, kagua kinachoshushwa. Kompyuta za Windows zinazowashwa mara moja kwa wiki huamka na njaa ya masasisho, na majukwaa ya gemu nayo hufanya hivyohivyo. Simamisha masasisho ya Windows kwenye kila kompyuta ya jukwaani na uzime yale ya jukwaa la gemu.

Kisha kuna lagi ambayo hakuna dawa yake, nayo ni umbali. Mwanga ndani ya nyuzi za kioo husafiri takribani kilomita 200,000 kwa sekunde. Seva ikiwa kilomita 6,000 kutoka ukumbini, kwenda na kurudi ni milisekunde 60 hata laini ikiwa kamilifu, na kebo hazipiti njia iliyonyooka. Seva inayopiga hesabu mara 64 kwa sekunde inahesabu upya kila baada ya milisekunde 15.6, kwa hiyo mchezaji aliye mbali hivyo anaona hali iliyopitwa na hesabu kadhaa. Timu mbili zilizoketi umbali wa mita tano zinacheza kana kwamba ziko mabara tofauti. Hilo si haki kwa mchezaji aliyefanya mazoezi mwaka mzima.

Dalili: seva ipo ukumbini, lakini haionekani kwenye orodha

Hii ndiyo itakayokula muda wako mwingi, kwa hiyo nitaikalia.

Gemu inapotafuta seva ya ndani hutuma tangazo kwa vifaa vyote vya mtandao huo: nani ana mechi? Seva inajibu, jina linatokea kwenye orodha. Tangazo hilo haliruki kutoka sehemu moja ya mtandao kwenda nyingine. Kwa hiyo jambo la kwanza ni anwani. Andika amri ipconfig, inayoonyesha anwani, kwenye kompyuta ya mchezaji na ya seva. Moja ikiwa 192.168.10.21 na nyingine 192.168.1.104, haziko pamoja, hata kama waya zake zimeingia swichi moja.

Zikiwa pamoja na bado hazionani, jaribu kuunganisha kwa kuandika anwani moja kwa moja. Kwenye Counter-Strike unafungua kisanduku cha amri na kuandika connect 192.168.10.5:27015. Ikikubali, mtandao ni mzima na kilichopotea ni tangazo tu. Unaweza kuendesha mashindano yote hivyo. Bandika anwani kwenye kila meza na usihangaike na orodha.

Isipokubali, mtuhumiwa ni fayawoli, ulinzi wa kompyuta unaozuia data isiyoruhusiwa. Windows inapouona mtandao mpya huweza kuupa hadhi ya mtandao wa umma, na kwa hadhi hiyo inafunga maombi yanayoingia. Badilisha uwe mtandao wa faragha kwenye seva, kisha ruhusu programu ya gemu au poti yake (namba ya mlango ambamo data yake hupita): 27015 ya UDP kwa Counter-Strike, 6112 kwa Warcraft III. Kuzima fayawoli yote kunafaa kama kipimo cha dakika mbili ili ujue kosa liko wapi. Ukishajua, iwashe na ufungue poti husika tu. Usisahau kwamba programu za kuua virusi nazo huwa na fayawoli yake, na ukizima ya Windows ile nyingine inabaki imesimama.

Mtuhumiwa wa tatu ni kadi za mtandao za bandia. Kompyuta zenye VPN (programu ya kupitisha intaneti kwa njia ya siri), au programu za kuendesha mashine pepe, huwa na kadi ya ziada isiyoshikika kwa mkono. Gemu hutuma tangazo kupitia kadi moja, na mara nyingine huchagua hiyo ya bandia, kwa hiyo sauti haifiki kwenye waya. Laptop za wachezaji zimejaa vitu hivi. Fungua orodha ya kadi za mtandao na uzime zote isipokuwa ile ya waya. Wi-Fi nayo uizime, maana laptop iliyounganishwa kwa waya usio na intaneti na kwa Wi-Fi yenye intaneti haieleweki itapitia wapi.

Wa nne ni Wi-Fi yenyewe. Ruta nyingi za kumbi na hoteli zina mpangilio unaozuia vifaa kuonana, kwa usalama wa wageni. Simu mbili zinapata intaneti vizuri, lakini moja haiwezi kuping nyingine. Usibishane na ruta ya ukumbi. Leta ya kwako.

Matangazo haya yana historia yake. Doom ilipotoka Desemba 1993, toleo la kwanza lilituma paketi za mchezo wenyewe kwa kila kompyuta ya mtandao, hata zisizocheza, na mitandao ya vyuo na maofisi ikalemewa. Matoleo yaliyofuata yakaacha mtindo huo. Ndiyo maana leo tangazo hutumika kutafutana tu, na mechi ikianza mazungumzo ni kati ya mchezaji na seva.

Dalili: anwani inaanza na 169.254

Kompyuta imeomba anwani, hakuna aliyeijibu, ikajipa yenyewe. Ama DHCP (huduma inayogawa anwani) haipo, ama waya haujafika. Kuna sababu moja iliyojificha. Swichi za kiofisi huweza kuchukua sekunde 30 kukagua tundu jipya kabla ya kuliruhusu, na kompyuta nayo inakata tamaa mapema. Subiri, kisha andika ipconfig /renew. Ikipata anwani, mwambie mwenye swichi awashe ruhusa ya haraka (PortFast) kwenye matundu ya wachezaji.

Kwa seva na kompyuta za jukwaani nashauri uache DHCP kabisa. Zipe anwani za kudumu, uziandike kwenye karatasi iliyo mezani kwa mwamuzi. Zisiingiliane na zile zinazogawiwa wageni.

Dalili: baadhi wanaonana, baadhi hawaonani, na hali inabadilika

Kuna ruta mbili zinazogawa anwani. Mtu ameleta ruta ya nyumbani ili apate matundu zaidi, akachomeka waya kwenye tundu la ndani, na sasa inashindana na ya kwako. Kila kompyuta inamfuata aliyejibu kwanza, na ndiyo maana hali haitabiriki. Tafuta kompyuta yenye anwani ngeni, soma kwenye ipconfig ni lango gani (Default Gateway) imepewa, kisha ufuate waya mpaka uikute ruta hiyo. Vifaa vya ziada viwe swichi, basi.

Mtandao mzima ukiganda ghafla na taa zote za swichi zikapepesa bila kupumzika, hilo ni duara: waya mmoja umechomekwa ncha zote mbili kwenye swichi moja, au swichi mbili zimeunganishwa kwa nyaya mbili. Chomoa moja moja hadi taa zitulie.

Dalili: gemu inakataa kufunguka bila intaneti

Seva iko sawa, anwani sawa, lakini skrini inadai kuingia kwenye akaunti. Hapa tatizo limeacha kuwa la waya. Ni uamuzi wa aliyetengeneza gemu, na kazi yako ni kujua amekuachia nafasi kiasi gani.

Kwa gemu za Steam (jukwaa la kununulia na kufungulia gemu), hali ya nje ya mtandao inafanya kazi iwapo akaunti ilishaingia kwenye kompyuta hiyohiyo ikiwa na intaneti na gemu imesasishwa yote. Gemu ikidai sasisho ambalo halijashushwa, haitafunguka. Maana yake maandalizi yafanyike waya wa nje ukiwepo: ingiza akaunti, sasisha, fungua gemu mara moja, funga, washa hali ya nje ya mtandao, fungua tena. Seva ya Counter-Strike nayo uiwashe na amri sv_lan 1 ili isitafute uthibitisho wa Steam. Itawakubali walio kwenye mtandao wa ndani tu.

Namba za uthibitisho zinazotumwa kwa simu au barua pepe ni mtego mwingine. Mchezaji amekabidhi simu kwa mwamuzi kama kanuni zinavyotaka, na sasa akaunti inamwomba namba iliyo kwenye simu hiyo. Hatua hiyo imalizwe kabla ya kupanda jukwaani. Afadhali zaidi uwe na akaunti za mashindano zinazoishi kwenye kompyuta hizo.

Kuna chanzo kidogo kinachosumbua watu wazima na akili zao: saa ya kompyuta. Betri ya ubao mama ikifa, saa inarudi miaka nyuma, na kuingia kunakataliwa hata intaneti ikiwepo, kwa kuwa vyeti vya usalama vinaonekana havijaanza kutumika. Kabla ya kulaumu seva ya kampuni, tazama tarehe kwenye kona ya skrini.

Kwa konsoli, angalia nani ni mwenyeji. Gemu zilizonunuliwa kidijitali hufunguka bila intaneti pale tu konsoli ilipoteuliwa kuwa kuu kwa akaunti iliyonunua. Xbox na PlayStation zina utaratibu huo kwa majina tofauti, na Nintendo Switch ilikuwa nao hadi 2025. Mashindano ya gemu za kupigana huumia sana hapa, kwa sababu wahusika wa ziada walionunuliwa hutoweka leseni isipothibitishwa, na mchezaji anakuta mhusika wake hayupo. Gemu ya diski haina shida hiyo kwa mchezo wa msingi, lakini wahusika wa ziada bado ni leseni. Baadhi ya gemu zina mlango wa mtandao wa ndani uliofichwa: Mario Kart 8 Deluxe, ukiwa kwenye menyu kuu, ukishikilia L na R na kubonyeza kijiti cha kushoto, sehemu ya kucheza bila waya inageuka kuwa ya LAN.

Menyu ikifunguka lakini ikiganda sekunde ishirini au thelathini kila hatua, gemu inatafuta majina ya seva za nje na haipati jibu. Weka kwenye ruta huduma ya DNS (inayogeuza majina kuwa anwani) ya ndani inayojibu haraka kwamba jina halipo. Kukataliwa upesi ni nafuu kuliko kusubiri.

Dalili: ujumbe wa matoleo tofauti

Kompyuta moja imesasishwa jana, nyingine wiki iliyopita. Chagua toleo moja, sasisha zote siku moja, nakili folda ya gemu kutoka kompyuta moja kwenda nyingine kwa swichi badala ya kushusha mara kumi, kisha funga masasisho hadi bingwa apatikane. Seva isasishwe pamoja nazo. Mtengenezaji akitoa toleo jipya asubuhi ya fainali, usiliguse. Hiki ni kitu ambacho mtandao wa ndani pekee unakupa: mashindano yanaisha kwa kanuni zilezile yalizoanza nazo.

Dalili: mchezaji mmoja tu analagi

Badilisha waya wake kwanza, halafu tundu la swichi, halafu kompyuta. Kwa mpangilio huo, kimoja baada ya kingine, ili ujue kilichoponya. Angalia pia kasi ya kadi: ikionyesha megabiti 100 badala ya 1000, waya una jozi iliyokatika, kwa kuwa gigabiti inahitaji jozi zote nne na 100 inatosheka na mbili. Kasi ya 100 yatosha kwa gemu, lakini waya uliokwisha kukatika jozi moja utaendelea kukatika. Kebo isizidi mita 100. Kwenye Windows zima mpangilio unaoruhusu kadi ya mtandao kulala ili kuokoa umeme.

Kama yuko kwenye Wi-Fi, mpe waya. Bendi ya Wi-Fi ya GHz 2.4 ina chaneli tatu tu zisizoingiliana, yaani 1, 6 na 11, na ukumbi wenye simu mia tatu umezijaza zote.

Kwenye simu

Simu ya Android ikiona Wi-Fi haina intaneti huweza kurudi kwenye data kimyakimya, na mchezaji anatoka kwenye mtandao wako bila kujua. Weka hali ya ndege, kisha washa Wi-Fi peke yake, na ukubali kubaki kwenye mtandao usio na intaneti. Hiyo ni kwa gemu zenye uwezo wa ndani. PUBG Mobile na Free Fire zinachezwa kupitia seva za kampuni. Kwa hizo soma sehemu ya mwisho.

Dalili: mechi imekatika katikati na timu zinabishana

Hitilafu itatokea tu siku moja, hata ukumbi ukiwa wako. Jua mapema kama gemu inaweza kurejeshwa ilipofikia. Counter-Strike huhifadhi hali ya mechi kila raundi na mwamuzi anaweza kuirudisha kwa mp_backup_restore_load_file akitaja faili ya raundi husika. StarCraft II ilipata uwezo wa kuendeleza mechi kutoka kwenye rekodi mwaka 2013, ilipokuja Heart of the Swarm. Seva ikiwa mezani kwako, faili hizo ziko mkononi mwako. Ikiwa ya mtu mwingine, unaomba.

Kwa gemu zisizorejesheka, andika kanuni kabla ya mechi ya kwanza: mechi inarudiwa hadi dakika ya ngapi, nani anaamua baada ya hapo, na kwa kigezo gani. Nakala ya kanuni wawe nayo manahodha wote.

Suala la udanganyifu nalo lisisahauliwe. Seva isiyogusa intaneti haikaguliwi na mfumo wa kampuni, kwa hiyo ukaguzi unarudi kwenye mikono ya watu. Kompyuta ziwe za mwandaaji, mchezaji aingie kwa akaunti ya Windows isiyo na mamlaka ya kuweka programu, faili zake za mipangilio zisomwe kabla ya kunakiliwa, na mwamuzi asimame nyuma ya viti.

Gemu ikiwa haina mtandao wa ndani kabisa

Hapo huna tiba, una kupunguza maumivu. Mwandikie mtengenezaji mapema kuomba seva ya mashindano. Wapo wanaozitoa kwa waandaaji wenye mkataba. Ukikataliwa, chukua laini mbili za watoa huduma tofauti: moja ya wachezaji pekee, nyingine ya matangazo na wageni. Timu zote mbili zipite laini moja, ili hitilafu ikija iwapate sawa. Ukitaka ruta ihamishe wachezaji kwenda laini ya pili ya kwanza ikifa, elewa kwamba anwani ya nje itabadilika na mechi inayoendelea itakatika vilevile. Akiba hiyo inaokoa mechi inayofuata.

Wachezaji wasiingie kwenye akaunti wote kwa dakika moja. Maombi mengi kutoka anwani moja ya nje huonekana kama shambulio, na nusu yao wanaweza kufungiwa. Waingize wawili wawili, saa moja kabla.

Na unapochagua gemu za mashindano yajayo, lifanye swali la mtandao wa ndani kuwa la kwanza, kabla ya umaarufu na zawadi. Gemu mbili zikivutia watazamaji sawa, chukua ile ambayo seva yake unaweza kuibeba hadi ukumbini, na umwambie mtengenezaji wa ile nyingine kwa maandishi kwa nini yake haikuchaguliwa.